Hakuna Aliyesema Hapana

Dakika ya kwanza ya filamu nilidhani simu yangu imeharibika.

Kioo cheusi tii. Sauti za wazee zinasikika, mmoja anacheka, mwingine analalamikia umeme, lakini cha kuona hakuna. Nikapandisha mwanga hadi mwisho. Nikafuta kioo kwa ncha ya shati. Nilikuwa nakaribia kuizima niiwashe upya ndipo mwanga wa tochi ukamwangukia mzee mmoja, kajitanda kitambaa kichwani kama bibi harusi aliyechelewa harusi yake kwa miaka hamsini.

Umeme ulikuwa umekatika kwao, si kwangu.

Mzee yule, bila chembe ya haya, anaigiza mwisho wa Sunset Boulevard, ile filamu ya Marekani ya mwaka 1950: nyota aliyesahaulika anajongea mbele ya kamera, anaamini enzi zake zimerudi. Wenzake wanampa maelekezo humo humo gizani. Kamera yenyewe ni ya kujifanya. Wanacheka kama wavulana wa bweni baada ya mwalimu wa zamu kupita.

Wiki sita zimepita tangu usiku ule. Katikati nimetazama filamu nyingine tano, na ukiniuliza zilihusu nini nitaanza kubabaika. Hii imekaa kooni kama mwiba wa samaki.

## Mapinduzi mawili

Inaitwa Talking About Trees, ya mwaka 2019, na mwongozaji wake ni Msudani, Suhaib Gasmelbari. Wazee ni wanne: Ibrahim Shaddad, Suleiman Mohamed Ibrahim, Eltayeb Mahdi na Manar Al-Hilo. Usiwadhanie wazee wa kijiweni waliokosa la kufanya. Shaddad alisomea filamu Ujerumani Mashariki, Suleiman alisomea Moscow, Eltayeb akasomea Cairo. Walirudi kwao na ufundi wao, na Aprili 1989 kundi lao la filamu likaanzishwa. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo mwanajeshi Omar al-Bashir akaitwaa nchi.

Miezi miwili na kitu. Huo ndio muda waliopata.

Filamu inawakuta wakiwa wameshazeeka, wana gari kuukuu la kupelekea filamu vijijini, na wana ndoto ambayo ukiisikia harakaharaka utasema ni ndogo: kufungua tena jumba moja la sinema huko Omdurman, ng'ambo ya Nile ukitokea Khartoum. Jumba halina paa; lilijengwa hivyo, watu watazame filamu chini ya nyota. Na jina lake, kwa Kiswahili, ni Mapinduzi.

Hapo Kiswahili kikanichekesha cheko la uchungu. Wenzetu wana neno la umma unaoinuka, na wana neno lingine la mwanajeshi anayeingia ikulu alfajiri. Sisi tuna moja tu, labda kwa sababu tumeona jinsi la kwanza linavyogeuka kuwa la pili kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kwa lugha yetu kisa kizima kinasimulika kwa sentensi moja: wazee wanne wanaiomba serikali ya mapinduzi ruhusa ya kufungua Mapinduzi.

## Mbaya yuko wapi?

Filamu za kuokoa ukumbi tunazijua zinavyokwenda. Yupo tajiri wa suti anayetaka kubomoa ajenge maduka. Upo mkutano wa kelele, bibi mmoja anasimama kusema neno linalowatoa watu machozi. Mabango yanapakwa rangi usiku, mchango unakwama, mtu anawasaliti wenzake, halafu dakika ya mwisho hela inapatikana na tingatinga linarudi nyuma. Steringi hafi. Nami nilikaa mkao wa kula, nikimsubiri yule tajiri.

Hakutokea.

Mwenye jumba hana neno. Vijana wa mtaani hawana neno, tena wana hamu. Hata ofisini hawafukuzwi. Ofisi hii inasema jambo lenu liko kule. Kule wanasema lazima mpite kwanza hapa. Simu inapigwa, inasubiriwa, inapigwa tena. Kila mtu ana adabu zake. Ningeshukuru hata mmoja wao angepiga meza.

Hakuna aliyesema hapana.

Huu ndio mwiba wenyewe. Ukiambiwa hapana unajua pa kusimama. Utakata rufaa, utaandika gazetini, utajikalia mlangoni mpaka wakuchoke. Lakini "njoo kesho" haina mlango wa kukalia. Haina jina la mtu, haina tarehe, haina muhuri wa kwenda kuonyesha mahali. Ni ukuta uliopakwa rangi ya mlango, na wewe unabisha hodi kwa heshima zote.

Kuna kipande wazee wako pale jumbani, adhana inaanza. Msikiti wa kwanza, wa pili unapokea, halafu mwingine, na mwingine, spika kwa spika, mpaka hewa yote imejaa. Wazee hawanung'uniki. Hawafanyi dhihaka. Wanapiga hesabu: ianze saa ngapi ili sauti ya filamu isigongane na mwito wa sala? Kipande hicho nimekirudia mara nne. Mtu angetarajia hapo ndipo penye ugomvi, sinema kwa msikiti, na kumbe hapo ndipo palipokuwa rahisi kuliko pote. Sala ina saa yake. Mkijuana saa mtapishana.

Ofisi haina saa.

## Kalamu yenye uzi

Sasa nifike kwenye langu, maana nimezunguka vya kutosha.

Miaka mitatu iliyopita nilisaini karatasi ya kuokoa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ni ukumbi mdogo, siutaji jina. Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama nje, karatasi zake kazibana kwenye kibao, kalamu kaifunga kwa uzi ili isitembee. Nikamwamkia, nikaipokea kalamu kabla hajamaliza maelezo. Mimi tena, na mambo ya sanaa! Niliandika jina langu kwa mwandiko mzuri kuliko ninaoutumia benki.

Akanishukuru. Halafu akauliza, kwa upole wa mtu anayejaza safu ya mwisho ya fomu:

"Mwanangu, mara ya mwisho kuingia humu ilikuwa lini?"

Nikacheka. Nikasema kitu kuhusu kazi. Nikasema kitu kuhusu watoto, na watoto sina. Nilipofika nyumbani nikakaa nikahesabu: miaka kumi na moja. Na hiyo mara ya mwisho niliingia kwa kuwa mvua ilinikuta nje yake.

Niliutaka ukumbi uwepo. Kwenda sikutaka. Mambo haya mawili yalikuwa yamelala kitanda kimoja ndani yangu miaka yote bila kugombea shuka. Nilikuwa nautaka jinsi mtu wa mjini anavyokitaka kisima cha kijijini kwao: kiwepo, kisikauke, kisifukiwe, na yeye aendelee kuchota bombani.

Nilijitetea, bila shaka. Nikajiambia: anayetetea hospitali si lazima awe mgonjwa. Hoja ilinipendeza, ikanikalia siku mbili nzima. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba hospitali haifi kwa kukosa wagonjwa.

Nilipowaona wazee wa Omdurman wakizungushwa, nilimchukia yule karani nisiyemwona uso. Kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyozidi kumfahamu. Ni ndugu yangu. Yeye hakusema hapana, na mimi sikusema hapana. Ndiyo yangu haikunigharimu hata nauli.

## Waliouliza

Kuna uamuzi mmoja kwenye filamu ambao ulipita haraka na mimi nikaung'ang'ania.

Jumba likifunguliwa, filamu ya kwanza iwe ipi?

Fikiria uko mahali pao. Umesomea kazi hii ujanani, filamu zako mwenyewe zimenyimwa watu miaka na miaka. Mzee mmoja wao anapiga simu mpaka Urusi kuulizia filamu yake ya kuhitimu masomo, kama vile mtu anavyoulizia mtoto aliyemwacha kwa watu. Sasa umepata ukuta mweupe mmoja na, Mungu akipenda, usiku mmoja. Ungeonyesha nini? Mimi najijua. Ningeonyesha yangu. Kama si yangu, basi ningechagua kitu kizito cha kuwaelimisha, chenye ukimya mwingi na mvua, watu wapige miayo kwa faida yao wenyewe.

Wao walizunguka mtaani wakauliza watu: mnataka kuona nini?

Ikatoka Django Unchained. Ya Quentin Tarantino, ya mwaka 2012, bunduki na damu mpaka dari.

Niliisimamisha filamu hapo nikaenda kunywa maji. Kwanza nilisikitika kwa niaba yao. Sanaa yote ile, Moscow yote ile, mwisho wake Django? Nikaona wamesalimu amri. Kesho yake nikiwa naosha vyombo nikaona vingine: mwenyeji hampikii mgeni kile anachokipenda yeye. Na tena, ukiacha damu, ile ni filamu ya mtumwa aliyekatiwa minyororo akaenda kumtafuta mkewe. Vijana hawakuchagua upuuzi. Mimi ndiye niliyesikia jina nikaacha kufikiri.

Wazee hawa wana mazoea ya kuuliza, nadhani, kwa kuwa wamezoea kukaa na watazamaji wao mchangani. Wanakwenda kijijini, wanatundika kitambaa nje, giza likiingia wanaonyesha Modern Times ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1936. Yule bwana mdogo anamezwa na magurudumu ya kiwanda, anapita katikati ya meno ya chuma kama uzi kwenye cherehani, na watu wanacheka kicheko kisichohitaji mkalimani. Kamera inatazama nyuso za watazamaji kuliko kitambaa. Ukitaka kujua kama jumba linahitajika, hapo ndipo pa kutazama. Ripoti ya mhandisi inakwambia habari za nguzo tu.

## Jumatano ya kawaida

Baada ya hapo nilianza kutafuta visa vya namna hii, maana mwiba ukishakaa kooni unautafutia tonge la ugali.

Nikakutana na Jenin, Ukingo wa Magharibi wa Palestina. Jumba la sinema la pale lilifungwa mwaka 1987, intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina, ilipoanza, likabaki hivyo zaidi ya miaka ishirini. Mwongozaji wa Kijerumani, Marcus Vetter, alikuwa ametengeneza filamu kuhusu Ismail Khatib, baba wa Jenin ambaye mwanawe Ahmed aliuawa na wanajeshi wa Israel mwaka 2005, na baba huyo akaridhia viungo vya mtoto vitolewe kuokoa watu wengine, wakiwemo watoto wa Israel. Kutoka kwenye urafiki wa watu hao likazaliwa wazo la kulifufua jumba. Serikali ya Ujerumani ikachangia. Mwanamuziki Roger Waters wa bendi ya Pink Floyd akachangia mitambo ya sauti. Agosti 2010 milango ikafunguliwa kwa sherehe, na safari yote ikawa filamu.

Mwaka 2016 jumba likauzwa, likabomolewa, kipande cha ardhi kiende kwa jengo la biashara.

Miaka sita tu.

Nilipolisoma hilo niliweka simu chini. Hapa, kinyume na Omdurman, kila mtu alisema ndiyo, na ndiyo zao zilikuwa na hela ndani yake. Vibali vilipatikana, viti vilifungwa, nyota wa nje walikuja. Kilichobaki kilikuwa jambo dogo lisilopigwa picha: Jumatano ya kawaida. Jumatano isiyo na mgeni rasmi, mtu katoka kazini, miguu inamuuma, ana hela ya tiketi au ya mkate. Filamu ya kampeni inaishia usiku wa ufunguzi kwa sababu hapo ndipo watu wanapolia vizuri. Jumba lenyewe linaamka kesho yake na bili ya umeme.

Nisijifanye hakimu. Ni rahisi kuwasema wageni kwamba walipika chakula walichokipenda wao; nilianza kuandika hivyo, nikafuta. Mji ulio chini ya uvamizi, jioni ya kwenda sinema si kitu cha kuamua kwa kutazama saa tu. Na wenye jumba ni watu, wana familia, na ardhi ya katikati ya mji ina bei. Nani alisema hapana pale? Sikumwona. Ndiyo nyingi zilikusanyika, kila moja ya kweli, na katikati yao jumba likaanguka.

Hapo nikaacha kutafuta visa vingine.

## Kuzungumzia miti

Jina la filamu ya Sudan limetoka kwenye shairi la Mjerumani Bertolt Brecht, aliloandika akiwa uhamishoni miaka ya 1930: anauliza ni zama gani hizi, ambapo kuzungumzia miti ni karibu sawa na kosa la jinai, kwa kuwa ni kuyanyamazia maovu mengi.

Swali hilo limenisumbua kuliko mengine, tena usiku. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin, Februari 2019, ikatoka na tuzo ya filamu bora ya hali halisi. Wakati huo mitaa ya Sudan ilikuwa imefurika waandamanaji tangu Desemba. Tarehe 11 Aprili al-Bashir akaanguka. Ukisoma tarehe hizo kwa kufuatana unaona kama vile mwisho mzuri walioukosa wazee ndani ya filamu umekuja kuwakuta nje yake.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, vikavuka mto hadi Omdurman.

Ukiuliza habari za jumba la sinema siku kama hiyo watu watakutazama mara mbili. Nami nilijitazama mara mbili. Watu wanakimbia na magodoro kichwani, wewe umekesha ukiwaza viti na kitambaa cheupe? Nikaona aibu, nikaamua kuacha kuandika. Nikaacha kwa siku kumi.

Kilichonirudisha ni kule gizani, mwanzo kabisa. Wale wazee hawakuwa wamesahau wako wapi. Mwenye kutania hivyo gizani anajua vizuri kwamba umeme umekatika, anajua na nani kaukata. Nao ndio waliolijua swali la miti kabla yangu, na wakalibandika kwenye jina la filamu ili mtu kama mimi asijione kalivumbua.

## Alhamisi

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye ule ukumbi. Bado umesimama; mambo yake yako mezani kwa watu, na watu wanasema kesho.

Njia nzima nilikuwa natunga jibu. Yule mama akiniuliza tena mara ya mwisho ilikuwa lini, nitamwambia, mama, mara ya mwisho ni leo. Nililiona jibu zuri. Nilifanya hata mazoezi ya kutabasamu kidogo, si sana.

Alikuwepo kweli, safari hii nyuma ya kimeza kando ya mlango, miwani imeshuka puani, anahesabu chenji. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua uso, akachana tiketi, akanipa kipande changu.

"Wahi, mwanangu. Wameshaanza."

Hakunikumbuka. Kwa nini anikumbuke?

Ndani tulikuwa watu ishirini na tatu. Nilihesabu mara mbili. Mchezo haukuwa mzuri. Aliyeigiza maiti alijikuna pua katikati ya kilio cha mjane, na mjane, naye namsifu, akalia kwa nguvu zaidi ili tumtazame yeye. Kijana wa mstari wa mbele akaangua kicheko, mwenzake akamfinya, kicheko kikasambaa safu nzima mpaka kwangu.

Kiti nilichokalia kilikuwa na springi imetoboa kitambaa, inachungulia. Nikahamia cha pili yake. Nafasi zilikuwepo tele.